Cube, Poda na Supu ya M'Cishugi

M'Cishugi alikula kuku kwa mara ya kwanza maishani mwake akiwa na miaka themanini na kitu, na aliyemlisha ni mimi. Alikuwa ameniuliza mbele ya watu kama supu niliyomletea ina kuku. Nilimjibu hapana. Akala mabakuli mawili. Aliendelea kuila kwa majuma matatu kabla sijagundua kwamba nilichomwambia hakikuwa kweli.

Nimestaafu mwaka huu. Nilipika miaka ishirini na tisa katika nyumba moja, kule Nyalukemba, Bukavu, ambako masere, watawa wetu, hupokea wagonjwa waliotoka hospitali lakini hawajapata nguvu za kurudi kwao. Vitanda ishirini na viwili, jiko moja, mbabula nne za kupikia kwa makala, yaani mkaa. Ninyi mnaobaki mliniomba niwaandikie siri zangu. Sina siri. Nina mambo niliyoyaona, na nitayapanga kama yalivyotokea. Hilo la M'Cishugi nimelitanguliza ili msiache kusoma tutakapofika kwenye vitunguu.

Siku yangu ya kwanza mvua ilinyesha tangu alfajiri, nikafika nimelowa mpaka magotini. Aliyenipokea ni Papa Fidèle, mtu mrefu wa kabila la Walega aliyejifunza kazi kwa mapadri. Alifunga vifungo vya shati mpaka shingoni, na mfukoni mwa kifua aliweka kijiko chake cha kuonjea, kimefungwa kitambaa safi. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukigusa kijiko hicho. Alifunua chungu cha kuku, akachota kidogo kwa kijiko kingine, akaniletea.

"Onja."

"Sionjake kuku, Papa."

"Juu ya nini? Uko mugonjwa?"

"Hapana. Niko Mushi."

Alicheka mpaka akaweka kifuniko chini. Kwa ninyi vijana ambao mnakula paja la kuku hadharani bila kugeuka nyuma, nieleze. Kwetu sisi Washi, kuku alikuwa wa baba na wageni wake. Watoto wa kiume walipata chao. Mwanamke alimkamata, akamchinjisha, akamnyonyoa, akampika, akamwandaa mezani, kisha akaenda kula majani ya maharage na bugali. Nimesikia sababu nyingi za mwiko huo, na zote nilizisikia kwa wanaume. Mama yangu alipika kuku maisha yake yote bila kumwonja hata mara moja. Chumvi aliipima kwa kiganja, halafu akamwita kaka yangu aonje. Kaka yangu alizoea kusema imepungua, ili aitwe tena.

"Basi weye," Papa Fidèle akasema, "unafika mu jiko ya wagonjwa, unapika, hauonje. Niandike ku mulango nini? Leo chumvi iko bahati?"

 Alichukua kikombe, akamimina maji ya moto, akavunja ndani cube moja, kile kiungo cha supu cha dukani, akakoroga. Akanionyesha karatasi yake. Ilikuwa na picha ya jogoo.

"Hii iko kuku?"

"Iko picha ya kuku."

"Onja basi picha."

Nikaonja. Kwanza nilisikia chumvi, kisha kitu kama mafuta, kisha kitunguu cha mbali. Kwa kuwa sikuwahi kula kuku, sikuweza kusema kama inafanana naye. Papa Fidèle alisema haifanani sana, lakini wagonjwa hawalalamiki.

Jioni nilimweleza mama. Tulikaa Bagira wakati huo. Aliacha kuchambua maharage, akanihoji kama hakimu.

"Ilikuwa na mufupa?"

"Hapana."

"Na manyoya?"

"Hapana, maman."

"Basi iko chumvi. Kula bugali yako."

Hukumu hiyo niliirudisha jikoni kesho yake, na ikawa sheria. Cube ni chumvi. Wanawake wa Kishi walioajiriwa baada yangu waliipokea hivyo. Wagonjwa wazee walioshika mwiko tuliwapikia supu ya mboga yenye cube, tukawaambia haina kuku, na wakala kwa amani. Kuku mwenyewe nilimwonja mwezi wangu wa pili. Papa Fidèle alinipa kijiko, kisha akageukia dirisha na kuanza kusifu mawingu. Sikumwambia mama. Yeye naye hakuniuliza.

Sasa mambo ya kazi. Mtu anayeingia dukani leo atakuta ladha ya kuku kwa sura nyingi, na muuzaji atamwambia zote ni moja. Sivyo.

Cube ndiyo niliyoitumia zaidi. Papa Fidèle alisema, "Cube iko mubongo, lakini iko na adabu. Inakubongea kila siku namna moja." Alimaanisha kwamba ni mwongo, ila unajua ina chumvi kiasi gani, leo kama jana. Usiivunje ndani ya mafuta ya moto, inaungua na kuwa chungu. Iyeyushe kwanza katika maji ya vuguvugu, uitie karibu na mwisho, uonje, ndipo ufikirie chumvi. Mara nyingi hutaihitaji.

Hatari ya cube ni upendo. Jikoni kwetu, kila mwanamke anayepita karibu na chungu hukiongezea kitu, na akiulizwa atasema amekisaidia. Siku moja wanawake watatu walisaidia chungu kimoja, kila mmoja kwa wakati wake, na aliyekula ni mzee mmoja aliyekuwa afisa wa forodha, mwenye shinikizo la damu. Alasiri nzima aliomba maji. Usiku wake daktari aliitwa. Alipona, lakini asubuhi iliyofuata nilipigilia msumari ukutani juu ya kila mbabula: anayetia cube achome karatasi yake hapo. Ukikuta karatasi mbili, chungu kimetosha, pita salama. Mzee wa forodha alipoona misumari alisema hata mpakani hawakuwa na utaratibu kama huo. Nilichukulia kwamba ni sifa.

Poda haina karatasi ya kuchoma msumarini, na hilo lilitosha kunifanya niiogope. Mkono mmoja unatia kijiko kidogo, mwingine unatikisa kopo kama anayenyunyiza maji ya baraka. Tena Bukavu ina unyevu. Mwezi wa kumi na moja poda inageuka jiwe. Tia punje za mchele uliokaangwa ndani ya kopo, zitanyonya maji. Ila ukubali kwamba mgonjwa mmoja atakuta punje katika supu na kukuita.

Ile laini ya chupa, ya kupaka kama siagi, niliitumia mara moja. Masere mmoja mgeni aliileta kutoka Ulaya kwenye sanduku, ikiwa imezungushiwa soksi. Ilinukia kuku kweli, na nusu kijiko kilitosha chungu kizima. Inataka friji, na friji inataka umeme. Siku ya nne iliota ndevu za ukungu.

Mifupa inazishinda zote kwa mtu aliyekonda na asiye na mwiko. Shingo, miguu iliyomenywa, mgongo. Anza na maji baridi, ondoa povu, moto mdogo kwa saa mbili, chumvi mwishoni kabisa. Inakula makala, na inataka mtu asimame pale. Kwa hiyo tuliwapikia waliokuwa na hali mbaya tu. Kama nina ushauri mmoja wa kuwaachia, ni huu: kabla ya kuchagua kati ya cube, poda na mifupa, nenda kitandani uone nani atakula. Niliufuata miaka mingi. Mwaka wa mwisho nilikwenda kitandani vizuri, ila sikusoma kopo.

M'Cishugi aliletwa na binti yake, Nabintu, mwalimu wa sekondari. Jina la M'Cishugi maana yake ni binti wa Cishugi, kama wanavyoitwa wanawake wa Kishi wa rika lake. Alitoka mashambani, upande wa Walungu. Alikuwa amevunjika nyonga, akapasuliwa, na kidonda hakikutaka kufunga. Alikuwa mdogo kama msichana wa komunyo ya kwanza, rozari imezungushwa mkononi, na alitambua vyungu vyetu kwa pua kutoka kitandani. Alikula bugali ya vidole viwili kwa siku. Daktari alimwambia Nabintu, nami nikiwa nimesimama na sinia, kwamba asipokula kidonda hakitafunga, na kisipofunga harudi nyumbani. Mwenyewe alisikia.

"Mimi nitafia kwangu," akasema. "Si mu kitanda ya chuma."

"Basi kula, maman," Nabintu akamwambia.

"Mulete kile naweza kula."

Juma hilo hilo cube zetu ziliisha. Malori yaliyozileta yalipandia Kamanyola, na barabara ya Kamanyola ilikuwa imefungwa. Nilikwenda soko la Kadutu, kwa mwanamke niliyenunua kwake miaka mingi.

"Maman wa masere! Cube hakuna."

"Hata zile unafichaka chini ya meza?"

"Chini ya meza kuko miguu yangu tu. Chukua poda. Iko kitu kimoja. Angalia, hata jogoo iko vile vile."

"Jogoo ya huku amenona."

"Njo maana anakaa mu mukebe. Ule mwingine anakaa mu karatasi."

Tulicheka, nikachukua makopo mawili. Nilimwangalia jogoo, nikasema moyoni: chumvi. Miwani ilikuwa mfukoni.

Mchana nilipika supu ya karoti, viazi na poireau, kile kitunguu cha majani marefu, nikatia poda kwa kijiko kilichopimwa. Nikampelekea M'Cishugi mwenyewe. Masere msimamizi alikuwa chumbani, Nabintu pia.

"Maman mupishi, iko kuku ndani?"

"Hapana, koko. Iko mboga na chumvi," nikajibu, nikimwita koko kama tunavyowaita bibi zetu.

"Uape."

"Koko, masere iko hapa anasikia."

Alinitazama, kisha akaitazama supu. "Mama yangu alizikwa hajaonja kuku. Bashangazi bangu vile vile. Bengine bote baliacha. Hata huyu mwalimu wangu anakulaka paja."

"Maman!" Nabintu akasema.

"Nabonga? Unakulaka paja, na shingo, na mabawa. Unaachia bwana kichwa."

"Kichwa hata yeye hapendake."

"Mimi njo wa mwisho mu nyumba ya Cishugi. Nitamaliza hivyo." Akachukua kijiko.

Alimaliza bakuli, akaomba la pili. Nabintu aliniangalia kwa macho ya mtu anayetaka kushukuru lakini anaogopa kuharibu bahati. Kuanzia siku hiyo M'Cishugi alikula mchana na jioni. Kila mara aliuliza, na kila mara nilijibu hapana. Juma la pili aliketi mwenyewe. La tatu alisimama akishika kitanda, na kidonda kilianza kufunga.

Kisha masere msimamizi aliagiza tuandike katika daftari kila kitu kilichomo ndani ya vyakula vya madukani, kwa ajili ya wagonjwa wa sukari. Aline, aliyekuwa na miezi sita jikoni, alisoma makopo nami nikaandika.

"Maman Espérance, hapa banaandika nyama ya kuku ya kukausha."

"Soma tena."

"Nyama ya kuku, ya kukausha. Na mafuta yake. Iko ya tatu, nyuma ya chumvi na sukari."

"Toa karatasi ya cube pale ku musumari."

Aliisoma yote. Chumvi, wanga, mafuta ya michikichi, kitu cha kuleta harufu. Nyama haikuwemo. Kwa hiyo mama yangu alihukumu sawa kuhusu cube ile. Kuhusu poda hakuna aliyemuuliza.

Nilikwenda kwanza kwa masere. Alifunga daftari, akasema, "Maman, hii si zambi. Kanisa haikatazake kuku."

"Najua, masere. Lakini si Kanisa iliniuliza."

Hakunikataza. Alisema nizungumze na binti. Nabintu alikuja saa kumi, akiwa na chaki kwenye mikono ya koti. Nilimweleza pale ngazini, na alinishika mkono kabla sijamaliza.

"Usimuambie. Maman Espérance, nakuomba. Anakula. Anasimama. Ukimuambia ataacha kula, na atakufa hapa, mu ile kitanda hapendi. Acha tu poda, usitie tena, yeye hatajua."

"Nitaacha poda. Lakini kesho ataniuliza kama kila siku, na kila siku nilimujibu."

"Si umujibu hapana? Kesho itakuwa kweli."

Alikuwa sahihi. Kesho ingekuwa kweli. Nililifikiria hilo kutoka ngazini mpaka mlango wa chumba, hatua kama thelathini, kisha nikaingia nikamwambia.

Nilimwambia kwa Mashi, lugha yetu, kwa sababu katika Kiswahili ningepata maneno ya kujifichia. M'Cishugi alisikiliza akinitazama mdomo.

"Tangu siku gani?"

"Tangu siku ile uliomba bakuli la pili."

"Ulijua?"

"Hapana, koko. Nilijua leo."

Aliiangalia mikono yake, juu na chini, kama anayetafuta doa. Kisha akaniomba nitoke. Jioni sinia lake lilirudi kama lilivyokwenda. Nabintu alilia pale jikoni, amegeukia ukuta, na Aline alijifanya anaosha sufuria iliyokuwa safi.

Asubuhi nilipika supu nyingine. Nilikaanga vitunguu mpaka vikawa kahawia, nikatia majani ya seleri na kijiko cha karanga zilizosagwa, ili rangi na uzito vifanane na supu ya jana. Niseme wazi kwamba nilikusudia vifanane. Nilitaka ale. Lakini nilipanga kumwambia mara moja kwamba leo haina kuku. Niliweka bakuli, nikaanza.

"Koko, leo supu..."

"Acha," akasema. "Leta."

Nilisubiri aulize. Hakuuliza. Alifanya ishara ya msalaba, akala, akamaliza. Jioni nilijaribu tena kumwambia, akaniuliza kama kwetu tunafuga mbuzi. Kesho yake alinisimulia juu ya mbuzi wake mmoja mpaka sinia likawa tupu. Kwa siku kumi na sita alikula kila nilichompelekea, na kila nilipofungua mdomo kusema kilichomo ndani, alipata habari ya mbuzi. Poda ilikuwa imetoka jikoni tangu siku ile. Makopo yote nilimpa masere. Cube zilirudi baadaye, nazo sikumtilia. Sikuwa tena na hamu ya kumjibia mtu kwa niaba ya karatasi.

Siku ya kumi na saba daktari alimruhusu. Alitoka kwa miguu yake, fimbo mkono mmoja, Nabintu mkono mwingine. Jikoni alinipa mkono, akaniambia Mungu anilinde, na kwamba Aline anakata karoti kubwa mno. Miezi miwili baadaye nami nikaondoka.

Jumapili iliyopita Nabintu alinitumia ujumbe wa sauti kwa simu. Walikuwa kwao, kule Walungu, kwenye komunyo ya kwanza ya mtoto wake. Nyuma yake zilisikika sahani na wanawake wakiimba. Alisema walichinja kuku wanne. Alisema watoto walimletea koko wao sahani, kwa sababu mtoto wa komunyo alitaka wale pamoja, na kwamba koko wao ameishika magotini, hali, harudishi.

"Anasema nikuulize kwanza," Nabintu alisema. "Ile supu ya nyuma, ile alikula kisha umemuambia, ilikuwa na kuku? Anasema kama ilikuwa nayo, basi yeye alishaamua tangu pale, atakula na bajukuu. Kama haikuwa nayo, yeye bado ni wa mwisho wa nyumba ya Cishugi. Jibu mbio, maman, sahani inapoa."

Simu ilikuwa imelala ndani ya mkoba wakati wa misa, na nilisikia sauti hiyo saa moja na nusu baada ya kutumwa. Nilimwandikia kwamba haikuwa na kuku hata siku moja kati ya zile kumi na sita, na kwamba nilijaribu kumwambia. Alama zinaonyesha kwamba ujumbe umesomwa. Leo ni Alhamisi. Nabintu hajaniandikia mama yake alifanya nini na ile sahani.